Siku Kumi na Nne Kabla ya Mtihani wa Kemia

Mtihani wa Kemia wa kidato cha sita ni mojawapo ya milango ambayo kijana wa Tanzania hana budi kuipita iwapo anakusudia kusomea udaktari, ufamasia au uhandisi wa kemikali. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, huutunga na kuusimamia mtihani huo, na vyuo vikuu hutumia matokeo yake katika kuwachagua wanafunzi. Anayeomba kusomea udaktari wa binadamu hupimwa kwa ufaulu wake katika Fizikia, Kemia na Biolojia kwa pamoja. Aliyeanguka katika Kemia haokolewi na alama nzuri za masomo mengine mawili.

Kwa sababu hiyo majuma mawili ya mwisho huwa ni kipindi cha hofu. Mtahiniwa huyafungua madaftari yake ya miaka miwili kuanzia ukurasa wa kwanza, akapiga mistari chini ya maneno, akakesha, akafika nusu ya daftari siku ya mtihani ikiwa imewadia. Wengine, hasa watahiniwa wa kujitegemea ambao mchana huwa kazini, hukata tamaa mapema na kuamini kuwa muda uliobaki hautoshi kufanya jambo lolote la maana. Makundi yote mawili yana kosa moja: yanadhani kwamba kazi ya siku za mwisho ni kuingiza maarifa mapya kichwani. Makala haya yanaeleza kwamba kazi hiyo ni ya namna nyingine, nayo ni kujizoeza kuyatoa maarifa yaliyokwisha kuingia, kwa kalamu na karatasi, bila ya kutazama daftari.

JINSI MTU ANAVYOSAHAU NA ANAVYOKUMBUKA

Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akazirudia baada ya muda na kupima ni sehemu gani ya kazi ya kukariri aliyookoa kwa kuwa alikwisha kujifunza. Baada ya siku 1 aliokoa kama theluthi moja tu ya kazi hiyo. Baada ya siku 31 aliokoa kama sehemu moja ya tano. Maana yake ni kwamba usahaulifu huwa wa kasi kubwa mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Somo lililosomwa leo lahitaji kuguswa tena kesho, kabla halijapotea, na kuguswa mara nyingine baada ya siku tatu au nne. Saa moja iliyogawanywa hivyo ina faida kuliko saa moja iliyotumiwa kwa mkupuo.

Jambo la pili lilidhihirishwa mwaka 2006 na Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani. Waliwapa wanafunzi habari fupi za kisayansi wazisome. Kundi moja liliisoma habari hiyo kwa mara ya pili. Kundi jingine halikuisoma tena, bali liliandika yote liliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 81, na waliojipima asilimia 75. Lakini walipopimwa baada ya juma 1, waliorudia kusoma walikuwa wamebaki na asilimia 42, hali waliojipima walikuwa na asilimia 56.

Jaribio hili laeleza kwa nini kurudia kusoma huwadanganya wengi. Anayesoma ukurasa kwa mara ya tatu huuona kuwa mwepesi, akadhani anaujua. Kumbe ameizoea sura yake tu, kama mtu amtambuaye mwenzake sokoni kwa uso, lakini akitakiwa kumwita hulikosa jina. Mtihani haumwonyeshi mtahiniwa ukurasa ili autambue; humtaka aite jina.

SIKU YA KWANZA: UKAGUZI

Mwenye duka hakumbuki kwa kukisia kilichopungua, hukagua. Mtahiniwa naye aanze kwa kuchukua karatasi moja ya mtihani wa mwaka uliopita na kuifanya kwa muda ule ule uliopangwa, bila msaada. Akimaliza, asijishughulishe sana na jumla ya alama. Kinachotakiwa ni kuzipanga mada katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la mada anazoziweza: alijibu bila kusita na jibu likawa sahihi. Kundi la pili ni la mada anazozikaribia: alianza vizuri akakwama, au alijua njia akakosea katikati. Kundi la tatu ni la mada asizozijua kabisa. Wengi hulikimbilia kundi la tatu kwa kuwa ndilo linalowatia hofu. Lakini mada mpya huhitaji siku nyingi ili ikomae, na mada iliyokaribiwa huenda ikahitaji saa mbili tu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya muda iende kwa kundi la pili. Kundi la kwanza liguswe kidogo ili lisififie. Katika kundi la tatu zichaguliwe mada mbili tu, zile zinazotokea mara nyingi zaidi katika karatasi za miaka iliyopita. Zilizobaki ziachwe bila ya majuto. Mshika mbili moja humponyoka, na anayeshika kumi humponyoka zote.

Kila kosa pia liandikiwe sababu yake, kwani makosa yanayofanana kwa sura huwa na dawa tofauti. Aliyekosa kwa sababu hakujua, ana haja ya kusoma. Aliyejua ila hakukumbuka, ana haja ya kujipima mara kwa mara. Aliyekumbuka lakini akakosea hesabu au kipimo, ana haja ya kufanya maswali mengi mafupi kwa uangalifu. Na aliyejibu jambo ambalo halikuulizwa, ana haja ya kujifunza kulisoma swali. Baraza la Mitihani huchapisha taarifa zinazochambua majibu ya watahiniwa swali kwa swali. Taarifa hizo ni mwalimu mzuri wa makosa ya wengine.

MIHIMILI YA KEMIA

Mtaala wa Kemia unaonekana kuwa mpana, lakini nyumba yake imesimama juu ya mihimili michache. Mtahiniwa mwenye siku 14 aiimarishe mihimili hiyo kwanza, kwa sababu kila mhimili hubeba mada kadhaa.

Mhimili wa kwanza ni moli. Muuza mayai wa jumla hahesabu yai moja moja. Huhesabu trei, akijua kuwa kila trei ina mayai 30. Mkemia naye huhesabu chembe kwa moli. Tangu mwaka 2019 moli moja imewekwa rasmi kuwa ni chembe 6.02214076 × 10²³ kamili. Hesabu karibu zote za Kemia hufuata hatua tatu: kugeuza kilichopimwa kuwa moli, kutumia uwiano wa mlinganyo, kisha kuzirudisha moli katika kipimo kilichoulizwa.

Tuseme sentimita za ujazo 25.0 za mmumunyo wa sodiamu haidroksidi, NaOH, zimehitaji sentimita za ujazo 22.50 za asidi haidrokloriki, HCl, yenye ukolezi wa moli 0.100 kwa kila desimita ya ujazo. Moli za asidi ni 0.100 × 22.50 ÷ 1000, yaani 0.00225. Mlinganyo waonyesha kuwa moli moja ya asidi huingiliana na moli moja ya haidroksidi. Basi moli za haidroksidi nazo ni 0.00225. Ukizigawa kwa desimita za ujazo 0.0250 unapata ukolezi wa moli 0.0900 kwa kila desimita ya ujazo.

Sasa asidi hiyo ibadilishwe iwe asidi salfuriki, H₂SO₄, na tarakimu zote zibaki kama zilivyo. Moli moja ya asidi hii huingiliana na moli mbili za haidroksidi. Moli za haidroksidi huwa 0.00450, na ukolezi huwa 0.180, mara mbili ya ule wa kwanza. Aliyekariri njia ya swali la kwanza atakosea la pili. Aliyeshika hatua tatu atayafanya yote mawili. Ni vema kila swali la hesabu lifanywe hivyo: likishajibiwa, kitu kimoja kibadilishwe, kisha lijibiwe tena.

Mhimili wa pili ni msawazo, yaani hali ambayo mmenyuko wa kwenda mbele na ule wa kurudi nyuma huendelea kwa kasi moja. Mwaka 1884 mkemia wa Kifaransa Henri Le Chatelier alitoa kanuni kwamba mfumo ulio katika msawazo, ukisumbuliwa, huelekea upande unaopunguza usumbufu huo. Katika utengenezaji wa amonia, molekuli 1 ya naitrojeni na molekuli 3 za haidrojeni hutoa molekuli 2 za amonia pamoja na joto. Shinikizo likiongezwa, msawazo huelekea kwenye amonia, kwa kuwa upande huo una molekuli chache za gesi. Joto likiongezwa, msawazo hurudi nyuma, kwa kuwa mmenyuko wa mbele hutoa joto. Hata hivyo viwanda hutumia joto la nyuzi za Selsiasi 400 hadi 450 hivi, kwa sababu katika baridi mmenyuko ungekuwa wa polepole mno. Hapo mada ya msawazo imekutana na mada ya kasi ya mmenyuko, na watungaji wa mitihani hupenda sana mahali mada mbili zinapokutana.

Mhimili huo huo wabeba asidi dhaifu na chumvi zisizoyeyuka kwa urahisi. Asidi ya ethanoiki yenye ukolezi wa 0.10 ina kiunga cha msawazo cha 1.8 × 10⁻⁵. Ukolezi wa ioni za haidrojeni ni kipeuo cha pili cha 1.8 × 10⁻⁶, yaani 1.34 × 10⁻³, na pH yake ni 2.87. Fedha kloridi, AgCl, ina kiunga cha umumunyifu cha 1.8 × 10⁻¹⁰ katika nyuzi 25. Umumunyifu wake katika maji ni kipeuo cha pili cha namba hiyo, yaani moli 1.34 × 10⁻⁵ kwa kila desimita ya ujazo. Katika kitabu sura hizi mbili hukaa mbali, lakini hesabu ni moja: vitu viwili vimezaliwa kwa idadi sawa, na zao lao linajulikana.

Mhimili wa tatu ni elektroni: ni nani azitoaye na ni nani azipokeaye. Anayeweza kufuatilia elektroni huelewa vifungo vya kikemikali, mpangilio wa elementi katika jedwali, uoksidishaji, betri na utengano kwa umeme, bila kuzikariri mada hizo kila moja peke yake.

Mhimili wa nne ni ukoo wa kampaundi za kaboni. Hapa orodha ndefu humchosha mtahiniwa, ramani humsaidia. Achukue karatasi tupu, aandike ethanoli katikati, kisha achore njia zote zinazoingia na kutoka. Etheni ikichanganywa na mvuke wa maji mbele ya asidi ya fosforiki kama kichocheo hutoa ethanoli. Ethanoli ikioksidishwa kwa potasiamu daikrometi yenye asidi hutoa ethanali, kisha asidi ya ethanoiki, na rangi ya machungwa hugeuka kijani. Asidi hiyo ikipashwa moto pamoja na ethanoli mbele ya asidi salfuriki kali hutoa esta yenye harufu tamu. Ramani ichorwe leo kwa kutazama kitabu, kesho bila kutazama, na keshokutwa kuanzia kampaundi nyingine. Palipobaki pengo ndipo pa kusoma.

KUCHANGANYA MASWALI

Kuna desturi ya kufanya maswali 20 ya aina moja mfululizo, kisha 20 ya aina nyingine. Desturi hiyo hufurahisha kwa kuwa baada ya maswali matatu kalamu hukimbia yenyewe. Mwaka 2007 watafiti Doug Rohrer na Kelli Taylor walichapisha jaribio lililowahusu wanafunzi waliojifunza kukokotoa ujazo wa maumbo mbalimbali. Waliofanya maswali kwa mafungu ya aina moja walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi. Waliofanya maswali yaliyochanganywa walipata asilimia 60. Juma moja baadaye hali iligeuka: kundi la kwanza lilipata asilimia 20, na la pili asilimia 63.

Sababu si ngumu kuielewa. Katika fungu la aina moja mwanafunzi anajua kanuni ya kutumia kabla hajalisoma swali. Katika mtihani hakuna anayemwambia kuwa swali hili ni la msawazo na lile ni la nishati. Kuitambua aina ya swali ni nusu ya kazi. Kwa hiyo, kuanzia siku ya tatu au ya nne, kila kikao kiwe na maswali ya mada mbili au tatu zilizochanganywa. Mtahiniwa ataona kwamba anakosea zaidi kuliko alivyozoea. Asivunjike moyo, hayo ni makosa yanayolipwa kabla ya siku ya malipo.

MTIHANI WA VITENDO

Kwa miaka mingi Kemia imepimwa kwa nadharia na kwa vitendo, na si haba wanaopoteza alama za vitendo kwa kudhani kuwa mikono hujiandaa yenyewe. Shule ikiwa na maabara iliyo wazi, kikao kimoja au viwili vya bureti na pipeti vina thamani kuliko usiku mzima wa kusoma. Isipowezekana, mtahiniwa aketi na kuandika hatua zote kwa mpangilio: kuisuuza bureti kwa mmumunyo utakaotiwa ndani yake, kuondoa kipovu cha hewa kwenye ncha, kusoma chini ya mpindo wa kimiminika jicho likiwa sambamba nao, kuandika masomo kwa desimali mbili, na kuchukua wastani wa masomo yanayokubaliana tu.

Katika kutambua ioni, jedwali la rangi lisikaririwe kama orodha. Lisomwe kwa jozi zinazofanana. Mimumunyo ya zinki na ya aluminiamu hutoa mashapo meupe kwa sodiamu haidroksidi, na mashapo yote mawili huyeyuka haidroksidi inapozidi. Anayeishia hapo hawezi kuzitofautisha. Mmumunyo wa amonia ndio unaozitenga: mashapo ya zinki huyeyuka amonia inapozidi, ya aluminiamu hayayeyuki. Shaba hutoa mashapo ya samawati hafifu, ambayo amonia ikizidi huyeyuka na kutoa samawati iliyokolea. Kila jozi iulizwe swali moja: ni jaribio gani linalozitenganisha?

LUGHA YA KUFIKIRI NA LUGHA YA KUJIBU

Mtahiniwa wa Tanzania ana mzigo ambao haupaswi kupuuzwa: huongea na wenzake kwa Kiswahili, na huandika mtihani wa Kemia kwa Kiingereza. Wengi hukariri sentensi za Kiingereza wasizozielewa, na swali likigeuzwa kidogo sentensi hizo hukosa kazi. Njia iliyo bora ni kuutenga mzigo huo mara mbili. Kwanza mtahiniwa amweleze mwenzake jambo kwa Kiswahili chepesi, mpaka mwenzake aridhike. Palipomshinda kueleza ndipo asipopaelewa. Kisha aandike maelezo yale yale kwa sentensi mbili au tatu za lugha ya mtihani, akitumia istilahi sahihi. Pia ajifunze tofauti ya amri za maswali: anayetakiwa kutaja asieleze kurasa mbili, na anayetakiwa kutofautisha asieleze kitu kimoja akakisahau cha pili.

Kikundi cha watu watatu au wanne chafaa kwa kazi hii, mradi kila mmoja afike akiwa amekwisha kujipima peke yake. Kikundi cha kusikiliza mmoja anayejua huwafaidia mmoja huyo.

RATIBA

Mtahiniwa mwenye masomo matatu makuu hawezi kuipa Kemia siku nzima. Akiipa saa 3 kila siku atakuwa na saa 40 hivi. Muda huo waweza kugawanywa kama ifuatavyo.

Siku ya 1: Karatasi moja ya nadharia kwa muda kamili, kusahihisha, kupanga mada katika makundi matatu.

Siku ya 2 hadi ya 5: Mhimili mmoja kila siku. Saa ya kwanza, kuandika bila daftari yote yanayokumbukwa, kisha kulinganisha na daftari na kujaza mapengo. Saa ya pili, maswali ya mhimili huo. Saa ya tatu, maswali machache ya mihimili ya siku zilizotangulia.

Siku ya 6 hadi ya 9: Mada za kundi la pili, mbili kwa siku, maswali yakiwa yamechanganywa. Katika siku hizi ziingizwe zile mada mbili tu zilizochaguliwa kutoka kundi la tatu.

Siku ya 10 hadi ya 12: Karatasi kamili moja kila siku kwa saa ileile ya mtihani halisi, na kuyarudia jioni maswali yaliyokosewa tu.

Siku ya 13: Mtihani wa vitendo, jozi za ioni, na ramani ya kampaundi za kaboni.

Siku ya 14: Saa 1 tu ya kupitia ukurasa mmoja wa makosa aliyoyakusanya. Kisha kuandaa kalamu, kikokotoo na kitambulisho, na kulala mapema.

Anayefanya kazi mchana na kubaki na saa moja na nusu kila siku asiitupe ratiba hii. Apunguze wingi wa mada, abaki na mihimili na karatasi mbili kamili, lakini asipunguze kujipima.

Umeme ukikatika, kazi isisimame. Kuchora ramani ya kampaundi kwa kumbukumbu, au kueleza kwa mdomo kanuni ya Le Chatelier, hakuhitaji taa.

USINGIZI NA UVUMI

Mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwajaribu wanafunzi wawili waliojifunza silabi zisizo na maana, wakati mwingine kabla ya kulala na wakati mwingine asubuhi kabla ya shughuli za mchana. Baada ya saa zilezile, waliolala walikumbuka mengi zaidi kuliko walipokuwa macho. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kuwa usingizi una kazi katika kuyaimarisha yaliyojifunzwa. Anayekesha usiku wa kuamkia mtihani huuza alichokwisha kukinunua. Na katika Kemia, ambamo alama moja ya desimali huharibu jibu zima, akili iliyochoka hulipa ghali.

Siku za mwisho pia ni msimu wa uvumi. Hujitokeza watu wanaodai kuwa na maswali ya mtihani, wakiyauza kwa siri. Kununua karatasi kama hizo ni kosa linaloweza kufutisha matokeo yote ya mtahiniwa, na mara nyingi maswali yenyewe huwa ni ya kubuni. Hata asiyenunua hupoteza saa nyingi akiyajadili. Yafaa masikio yafungwe.

NDANI YA CHUMBA CHA MTIHANI

Mtahiniwa asome karatasi yote kwanza, kisha aanze na swali analoliweza. Katika hesabu aandike kila hatua pamoja na kipimo chake, kwa kuwa msahihishaji hutoa alama kwa njia iliyoonekana hata kama jibu la mwisho lina kasoro. Sentimita za ujazo zigeuzwe kuwa desimita za ujazo kabla ya kuzidisha; nyuzi za Selsiasi zigeuzwe kuwa kelvini katika hesabu za gesi; tarakimu zisikadiriwe mpaka hatua ya mwisho. Jibu likipatikana liulizwe kama lina akili: asidi yenye pH ya 11, au zao la asilimia 140, ni ishara ya kurudi nyuma.

Siku 14 hazitoshi kumfanya mtu mkemia, wala hazikusudiwi kufanya hivyo. Zinatosha kumwezesha aliyesoma kwa miaka miwili aonyeshe alichokisoma, na asikose nafasi ya chuo kwa sababu ya maarifa aliyokuwa nayo lakini hakuyafikia kwa wakati.

MASWALI YA KUJIPIMA

Yajibiwe kwa kalamu kabla ya kutazama majibu.

1. Sentimita za ujazo 20.0 za mmumunyo wa sodiamu kaboneti, Na₂CO₃, zimehitaji sentimita za ujazo 24.0 za HCl yenye ukolezi wa 0.100 ili kuingiliana kikamilifu. Ukolezi wa kaboneti ni kiasi gani?

2. Amonia yenye ukolezi wa 0.10 ina kiunga cha besi cha 1.8 × 10⁻⁵ katika nyuzi 25. pH yake ni ngapi?

3. Chumvi isiyo na rangi imetoa mashapo meupe yanayoyeyuka sodiamu haidroksidi inapozidi, lakini hayayeyuki amonia inapozidi. Ni ioni zipi za metali zinazowezekana, na zitatengwaje?

4. Kichocheo cha chuma hubadili vipi kiasi cha amonia kinachopatikana katika msawazo?

Majibu: (1) Moli 0.0600 kwa kila desimita ya ujazo, kwa kuwa moli moja ya kaboneti huhitaji moli mbili za asidi. (2) 11.13. (3) Aluminiamu au risasi. Mmumunyo wa potasiamu iodidi hutoa mashapo ya manjano kwa risasi, na hautoi mashapo kwa aluminiamu. (4) Hakibadili, huharakisha mmenyuko wa mbele na wa nyuma kwa kiwango kimoja, hivyo msawazo hufikiwa mapema tu.